Kaye ya Charline

Kila siku akitoka shuleni, Charline alikula haraka viazi alivyoachiwa na mama yake, muuza kabichi wa mtaa wa Birere, kisha akakimbilia kanisani kujifunza gitaa la besi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na vidole vyake vilikuwa vimeshaota sugu.

Mwalimu wa besi wa kwaya, Papa Kambere, alikuwa na sharti moja. Wimbo ukifika kwenye sebeni, pale unapochangamka na watu kuanza kucheza, mpiga besi hubuni papo hapo. "Kaye ni ya shule," alisema, akimaanisha daftari. "Huku muko na masikio."

Charline alilisikia sharti hilo, akalitia kapuni. Aliogopa kukosea mbele za watu. Akabuni sebeni yake nyumbani, akaiandika kwenye kaye, akaikariri mpaka vidole vikaijua vyenyewe. Siri hiyo alimwonyesha mtu mmoja tu, Daniella, rafiki yake wa kuketi naye dawati moja, ambaye pia alipiga besi.

Jumamosi ikawa siku ya kumchagua mpiga besi mmoja wa kwenda na kwaya kwenye sikukuu katika mji wa Kiwanja. Daniella aliitwa kwanza. Sebeni ilipoanza, Charline aliitambua mara moja. Ilikuwa yake! Yake yote, hata ule mruko wa mwisho alioutafuta wiki nzima. Wanakwaya walipiga makofi, na Daniella hakumtazama hata mara moja. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Charline, zamu yako," aliita Papa Kambere.

Charline alilishika gitaa, asipige. Angepiga nini, na sebeni yake imeshapigwa? Na akimshtaki Daniella, si atajishtaki mwenyewe? Machozi yakamtoka.

"Papa, ile sebeni ni yangu. Niliiandika mu kaye, nikamuonyesha Daniella sababu ni rafiki yangu."

"Mu kaye? Si nilikataza?"

"Ndiyo, Papa. Nilikudanganya."

Papa Kambere hakugomba. Alimwomba Mama Apolline, mwimbaji wao mkongwe, aanzishe wimbo mwingine, wasichana hao wawili wampigie mmoja mmoja.

Daniella alipiga sebeni ileile. Mama Apolline alikwenda huku, besi ikaenda kule, hadi Daniella akaacha mwenyewe na kuinamisha kichwa.

Charline hakuwa na la kushika ila sauti ya Mama Apolline. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu Mama Apolline alivuta neno, Charline akamngoja, kisha akamjibu. Mama Apolline akacheka katikati ya wimbo, akamrushia neno jingine, naye akalidaka. Kwaya nzima ikainuka kucheza.

"Utaenda Kiwanja," alisema Papa Kambere.

"Nisamehe, Charline," Daniella alinong'ona. "Niliogopa kushindwa."

"Hata mimi niliogopa," alijibu Charline. "Lakini sikukuibia."

Papa Kambere akawaweka wote wawili mbele yake.

"Daniella, umeiba kazi ya rafiki, na kumurudishia imani yake itakukamata muda. Charline, ulinificha, lakini umesema kweli hata kama ingekunyima safari. Mushike hii, batoto: ya mu kaye mutu anaweza kuiiba. Masikio yenye yamefundishwa, na kinywa chenye kinasema kweli, hayaibiwe."

Jioni hiyo walirudi nyumbani kwa njia moja kama kawaida, ila Charline alitangulia, na kaye aliibeba mwenyewe, hakumpa tena Daniella aishike.