Kamali Yuko Shambani

Haya yalimpata Munyemana Gad, mtoto wa dada yangu Mukakalisa, katika sekta ya Gitambi. Nayaeleza kama alivyonieleza, na mwisho kama nilivyoona mwenyewe.

Kaka yake mkubwa, Kamali, alifariki Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa Agosti, akazikwa hukohuko. Upande wetu wa Rusizi waliojua ni wachache. Shamba la mahindi lilikuwa limeandikishwa kwa jina la Kamali, na mbolea ya Nkunganire, ile ambayo serikali huchangia bei yake, ilitolewa kwa jina hilo. Kubadilisha jina kungechukua muda, na mvua zilikuwa zimeanza. Munyemana alikuwa na mke, Patricie, na binti mdogo, Gracia. Bila mbolea hawangevuna kitu. Akaamua kunyamaza.

Alikwenda Nyakabuye kwa Twahiru, muuza mbolea. Ilikuwa asubuhi nzuri yenye jua.

"Kamali mwenyewe eko wapi?" aliuliza Twahiru.

"Eko mu shamba. Analima."

"Huyu anapenda jembe kuliko batu! Mwambie akuye siku moja tunywe chai."

"Nitamwambia."

Aliporudi na mfuko wa mbolea, nusu ya shamba ilikuwa imelimwa. Patricie alidhani mumewe amelipa vibarua. Munyemana akayatazama matuta. Udongo wote ulikuwa umetupwa upande wa kulia, kama alivyoutupa Kamali, ambaye alikuwa na shoto. Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye shoto; sisi wengine, Munyemana pia, huutupa kushoto.

Kesho yake, ukungu ulipoondoka, mbolea ilikuwa tayari mashimoni. Mfuko mtupu ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa mlangoni.

Mahindi yaliota, yakapendeza. Siku moja Patricie alimvuta nyuma ya jiko.

"Papa Gracia," alinong'ona, "mutoto anapeleka chakula mu shamba. Anasema ni ya baba yake mukubwa. Sahani inarudi tupu."

Munyemana akageuka kutazama shamba.

"Enda kwa Twahiru. Sema Kamali alikufa. Leo."

Alikwenda mchana uleule. Twahiru alipomwona alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Munyemana?"

"Ni miye. Nimekuya kusema ukweli. Kamali alikufa."

Twahiru hakucheka.

"Kamali ametoka hapa sasa hivi. Tumekunywa chai. Amesema weye ndiye ulikufa."

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja, mshikio wake ulielekea kushoto.

Munyemana alinipigia simu akiwa njiani, anakimbia, akanieleza yote hayo. Nilimwambia anisubiri barabarani. Hakusubiri.

"Mjomba, nafika. Namuona Gracia. Eko na muntu."

Kisha nikasikia jembe. Polepole. Karibu sana na simu.

Nilipofika, Gracia alikuwa ameketi kando ya shamba, mzima, sahani tupu mapajani. Baba yake hatukumwona. Polisi walimtafuta mpaka mtoni. Hawakupata hata kiatu.

Gracia akiulizwa baba yake yuko wapi, hujibu bila huzuni: "Eko mu shamba. Analima."

Msimu huu shamba limelimwa tena. Patricie hajalipa kibarua yeyote. Nimekwenda kuyatazama matuta mwenyewe, jua likiwa juu. Kuna yale yaliyotupwa udongo kulia.

Na sambamba nayo, tuta kwa tuta, kuna mengine. Udongo wake umetupwa kushoto.