Aliyeitika Jina la Pacifique

Jina la Pacifique liliitwa mara moja, likaitikiwa na asiyekuwepo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya posho katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2013. Karani alisoma kwenye kadi majina ya nyumba ya Grégoire: Grégoire mwenyewe, mkewe Annonciata, binti zao Olga na Yvette. Alipofika "Pacifique", Annonciata alifungua mdomo aseme huyu hapa mgongoni, lakini sauti ikamtangulia.

"Niko."

Ilitoka chini, usawa wa magoti, kati yake na mumewe. Sauti ndogo, yenye majimaji kooni. Hapakuwa na mtoto pale. Yule wa mgongoni alikuwa amelala, na hata angekuwa macho asingeitika, kwa sababu nyumbani aliitwa Junior na jina jingine hakulijua.

"Nimesikia," karani akasema, akatia alama. Harufu ya udongo mbichi na mafuta ya watoto ikapita, ikaisha. Grégoire alibeba maharagwe bila kumtazama mkewe.

Tuseme mambo yalivyo. Pacifique alikuwa amekufa. Alikufa 2009, ana miezi kumi na moja, kwa kikohozi kisichosikia dawa, kabla hajajua kusema neno hata moja. Grégoire hakukitangaza kifo. Alimzika nyuma ya shamba, upande wa Rugaaga, bila msalaba, maana msalaba huandikwa jina, na akamkataza Annonciata kulia kwa sauti. Mwaka uliofuata Junior alipozaliwa, akaingizwa kwenye nafasi ya marehemu, jina lile lile, chakula kile kile. Si wao peke yao waliofanya hivyo. Njaa ina hoja zake. Lakini uongo haugeuki kweli kwa sababu umeshibisha watu.

Junior naye akaanza kuugua. Utando mweupe mdomoni, usaha masikioni, mapafu kujaa kila mvua ikinyesha. Hospitalini Mbarara daktari hakumzungusha Annonciata: mtoto amezaliwa damu yake haina askari wa kumlinda. Ugonjwa huo ni wa nadra, hupitia kwa mama ukaangukia watoto wa kiume. Annonciata akajua palepale kilichomuua wa kwanza, na njia kilimopitia, akanyamaza. Tiba ni kupandikizwa uboho, ile mbegu ya damu iliyo ndani ya mifupa, kutoka kwa ndugu ambaye damu yake inapatana na yake. India wangeweza kuifanya, na shirika moja lilikubali kugharimia. Wasichana wote wawili wakapimwa. Olga, miaka tisa, alipatana. Yvette, miaka sita, hakupatana.

Faili la safari likafunguliwa kwa jina la kwenye kadi. Tangu hapo marehemu akawa anaitwa kila mara, maabara, dirisha la dawa, wodini. Na mtu akiitwa sana huja.

"Pacifique!" nesi aliita siku moja.

"Niko," ikajibiwa chini ya kitanda.

Nesi akacheka. "Mama, mtoto yako iko na maneno! Lakini mbona mdomo yake haifunguki?" Kisha akainama kuchungulia uvunguni, akainuka polepole, na siku ile hakucheka tena.

Halafu sauti ikafika nyumbani. Jioni, Annonciata akisonga bugali, Junior aliacha kikombe chake akasogea pembeni ya mkeka kama anayempisha mtu, na mkeka ukabonyea pale alipotoka, na ile harufu ya udongo ikaja ikauzidi moshi wa kuni, na pumzi ya Junior ikaanza kukatika vipande vipande huku pumzi nyingine, nzito, yenye majimaji, ikivutwa kando yake kwa mpigo uleule, kana kwamba vifua viwili vinagombea hewa ya kimoja, mpaka Yvette, aliyekuwa amejibanza ukutani, akanong'ona:

"Mama, anasema ile njo fasi yake."

"Nafasi ya nani?"

"Ule mutoto. Anasema mulimupa Junior chakula yake, mukamupa jina yake, sasa munamupa na mifupa ya Olga. Yeye mulimupa nini?"

Kesho yake Annonciata alimwendea Nyirabizimana, muuza maziwa ambaye pia ni mama wa maombi. Mwanamke huyo alisikiliza mpaka mwisho bila kutua kibuyu chake.

"Shetani ninafukuza," alisema. "Ule si shetani, maman, ni mutoto wako. Mulimunyima hata kufa. Bwana yako alisimama mu biro, mbele ya karani, akasema mutoto anaishi. Arudi fasi ileile, na mudomo uleule, aseme amekufa, bamuandike. Kisha mumulilie."

Grégoire aliposikia aliruka. "Nikifuta Pacifique nimefuta na safari! Faili iko kwa jina gani? Unataka Junior afe na kweli yako mukononi?"

"Tutaeleza, Papa Olga. Daktari ni mutu, atasikia."

Mwishowe Grégoire akaweka mkono juu ya Biblia. "Sawa, Mama Olga. Nitaandikisha kifo. Mungu ananiona."

Akapanda pikipiki mpaka Base Camp, kwenye ofisi ya kambi, akarudi mchana. "Nimeandikisha. Imekwisha."

Na kweli nyumba ikatulia. Annonciata alimlilia Pacifique kwa sauti, miaka minne baada ya kifo, majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa. Junior akala, akalala bila kukoroma. Yvette peke yake ndiye aliyepungua. Hakuomba chakula, ukimwita alichelewa kugeuka. Mama yake akadhani ni wivu wa safari ya dada yake. Alimwamini mumewe. Kosa lake lilikuwa hilo tu, na ni kosa kubwa.

Siku ya kuondoka, Grégoire alibaki na Yvette. Mbarara, kijana wa shirika alitandaza karatasi mezani.

"Mama, weka sahihi hapa. Anakwenda Pacifique, na dada yake Olga."

"Pacifique?" Annonciata akaiweka kalamu chini. "Hiyo jina haikufutwa?"

"Ifutwe kwa nini? Iko sawa." Akafunua ukurasa, akashusha sauti. "Na pole sana, mama. Nimeona baba aliandikisha kifo wiki ile ingine. Kifo ya Yvette."

Annonciata alitoka ukumbini na simu.

"Papa Olga, ulifanya nini?"

"Kifo ilitakiwa, nikatoa kifo. Damu ya Yvette haikufaa, Mama Olga. Ni karatasi tu. Mukirudi tutamurudisha."

"Yvette iko wapi?"

"Nyuma ya shamba. Amekaa chini. Anajifunika miguu na udongo. Ninamutoa, anarudi. Ninamuita tangu asubuhi, hageuki. Ni kama ninaita mutu mwingine."

"Kimbia biro! Sema iko muzima!"

"Nikisema leo, watajua tulidanganya, gari itageuka leo. Weye uko mbele yao. Sema weye, kama unaweza."

Kijana wa shirika akatokea mlangoni. "Mama, gari inangoja. Entebbe ni mbali."

Annonciata aliingia. Junior alikuwa mapajani mwa Olga, kifua kikipiga filimbi, midomo ina rangi ya majivu. Olga alikuwa bado amebana pamba pale alipotolewa damu, akijivuna kama mtu mzima mwenye kazi. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: Yvette yuko hai. Yalifika kwenye meno yakasimama.

Akatia sahihi.

Gari lilipita Biharwe likashika barabara ya Masaka. Annonciata hakuthubutu kupiga simu tena. Alimshika Olga mkono, akauminya.

"Olga, tumuombee Yvette."

Olga, ambaye tangu mdogo wake huyo azaliwe walilala naye mkeka mmoja, alimtazama mama yake kwa upole wa mtoto anayeulizwa kitu asichofundishwa.

"Yvette njo nani, mama?"