Siafu wa Mokeira

Mokeira alifungua banda asubuhi, akakuta manyoya tu. Vifaranga kumi na wawili, kwisha. Siafu walikuwa bado wanapita kwa mstari chini ya ua wa jirani yake mjane, Drusilla.

Mdomo nao haukungoja. Kwenye kituo cha kupimia chai, mbele ya wakulima wote, Mokeira alisema, "Siafu hawa wametumwa. Anayewatuma ni yule mjane."

Sabato iliyofuata kanisani, Drusilla aliketi benchi zima peke yake.

Jumatatu alikuja Celestine, afisa wa kilimo.

"Mama Sheila, siafu hawatumwi," alimwambia Mokeira. "Hata malkia wao hawaamrishi. Ni kama vipofu. Kila mmoja hufuata harufu ya wenzake."

"Nani aliwafundisha?"

"Wanazaliwa hivyo. Si binti yako Sheila ana pua yako? Mwilini mna jeni, yaani maagizo madogo tunayorithi kwa wazazi. Siafu naye amerithi kunusa njia. Wataalamu waliwahi kuharibu jeni moja ya kunusa katika sisimizi wa aina nyingine. Wakaacha kufuatana, wakazurura kila mmoja kivyake."

"Lakini hawa walitoka kwa Drusilla."

Celestine hakubishana. Aliufuata mstari polepole mpaka chini ya migomba ya Mokeira mwenyewe. Udongo hapo ulijaa siafu tele.

"Makao yao ni haya. Kwa Drusilla walienda kuwinda. Waliua wawili kati ya sungara wake. Hakukuambia?"

Angemwambia vipi, na Mokeira hata salamu yake haitikii? Mokeira aliona aibu, akashindwa kuinua uso. Alimsikia Celestine kwa mbali akisema banda liinuliwe, kila mguu usimame ndani ya mkebe wa oili chafu ya gari, siafu wasipande.

Banda aliliinua siku hiyohiyo. Lile neno alilolisema kituoni lilikuwa zito zaidi. Alitamani kuomba msamaha nyumbani, wawili tu. Lakini hakuwa amemchafulia jina nyumbani. Kesho yake alisimama kituoni, mbele ya wakulima wote.

"Nilimsingizia mama huyu, Omong'ina Drusilla. Siafu walikuwa wangu."

Mtu mmoja akacheka. Drusilla aliendelea kuchambua majani yake.

"Nimekusikia," alisema hatimaye. "Sasa nishikie kikapu, nipime."

Mvua za Aprili ziliwatoa siafu tena. Walizunguka mikebe, wakashindwa. Mokeira hakukaa kutazama vifaranga wake wapya. Alibeba mikebe minne na oili kwa ajili ya kizimba cha sungara cha Drusilla, akakimbia hadi uani kwake.

"Omong'ina, siafu wanakuja," alisema, macho chini. "Wanatoka kwangu."