Dawa za Marehemu Orville

"Kipanga ametua. Mwache ale, mwache aruke."

Amri ya mkuu wake iliingia katika sikio la kushoto la Verna Stiltner akiwa jikoni kwa mjane, ameinamia karai la viazi. Kidude cha sikioni kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Chini ya aproni alikuwa na bastola ya Glock.

"Mkoba wake?" alinong'ona.

"Mtupu. Ataondoka nao umejaa. Usimguse. Tunamtaka bosi wake."

Kipanga alikuwa amesimama mlangoni. Jina lake Dwight Cutlip, mwizi wa betri za matrekta tangu ujana, na sasa alikuwa na shati jeupe na kitambulisho cha serikali kilichotengenezwa kwenye duka la nakala. Hata picha ilikuwa imebandikwa upande.

Alikuja mikono mitupu.

Katika milima ya Virginia Magharibi hakuna aendaye msibani mikono mitupu. Jirani aliyemshtaki marehemu kwa ajili ya uzio alikuwa ameleta sahani ya mayai. Lakini mjinga akishapewa shati jeupe hujiona bwana mkubwa.

Orville Mullins, mchimba makaa, alikufa kwa saratani akiacha kabati limejaa mofini ya kutuliza maumivu. Waheshimiwa wa jimbo walikuwa wamebishana misimu minne kuhusu dawa za namna hiyo. Walipitisha sheria ya kuziharibu mgonjwa akifa, na hiyo ni baada ya mmoja wao kumzika mpwa wake aliyeuawa nazo. Maiti wa watu wengine hawakuwa na kura.

Genge la Dwight likaivaa sheria hiyo kama koti. Kila penye msiba walifika "kukusanya dawa kwa niaba ya jimbo". Kufika jioni, dawa zilikuwa zinauzwa bondeni, nyuma ya kituo cha mafuta.

"Verna." Aliyeita ni Tonya, binti wa marehemu, kisu cha viazi mkononi. Alikuwa na mwaka na nusu hajagusa kidonge. Kwake Verna alikuwa mama wa kanisani tu, wa ng'ambo ya mlima. "Yule bwana akizichukua, zinakwenda wapi?"

"Unadhani zinakwenda wapi?"

"Bondeni." Alikita kisu kwenye kiazi. "Nikijua ziko kule, dada, miguu yangu itakwenda yenyewe. Sijidanganyi."

Verna aligeukia dirisha, akamnong'oneza mkuu wake. "Haruki na mzigo huu."

"Stiltner, hiyo ni amri. Gavana anataka picha ya bosi akiwa na pingu."

"Basi apige picha ya viazi."

Alichomoa kidude, akakitupa kwenye maganda.

Dwight alikuwa tayari ana chupa mbili za mofini na pakiti za vidonge mezani, anafungua mkoba. Bi Ardith, mjane, alimsogezea sahani.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Nina haraka, mama. Kazi ya serikali hii."

"Serikali haina tumbo?" alisema bibi mmoja, na wenzake wakacheka chini kwa chini.

Verna aliweka mkono juu ya mkoba.

"Kaka, fanyia hapa hapa. Sheria inasema ziharibiwe nyumbani kwa kukorogwa na taka, wafiwa wakiona."

"Sheria gani?"

"Hiyo uliyoivaa kifuani."

Dwight alitazama kifua chake. Kweli alitazama. Verna alikuwa amekamata majasusi wa nchi tatu, na hajapata kuona uso mtupu namna ile.

"Mimi nimeambiwa nizibebe."

"Na nani?"

Dwight alipapasa mfuko wa simu.

"Tonya," Verna alisema, "lete machicha ya kahawa."

Tonya alileta mfuko mzima, na sabuni ya vyombo juu yake. Alizishika chupa. Alizishika muda mrefu mno, mpaka mama yake akazuia pumzi. Kisha akamimina ndani ya mfuko. Vidonge vikafuata. Akakoroga kwa mwiko, machozi yakimtoka.

Dwight aliruka ukumbini, simu sikioni. Dwight hakumjua bosi wake kwa sura. Miaka miwili alikuwa anaijua namba tu.

Simu ikalia sebuleni.

Ikalia kando ya jeneza, mchungaji akiwa katikati ya sala. Ililia wimbo wa banjo, ndani ya koti la Royce Lively, mwenye kampuni ya mazishi, aliyekuwa ameweka kofia kifuani kama mtakatifu.

Kila mtu aligeuka.

Nani mwingine angejua kila kifo kabla hata ya mchungaji? Mkono mmoja uliuza dawa, wa pili ukauza majeneza. Nusu ya vijana wa bonde aliwazika yeye, akatoa rambirambi na bili.

"Royce?" Bi Ardith alisema. "Mbona hupokei?"

Royce aliingiza mkono kotini. Ukatoka na bastola.

Verna alikwishavuka mlango. Kikaango cha chuma chapa ya Lodge alichokinyakua jikoni, mkate wa mahindi ukiwa ndani, kilitua kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Pigo la pili lilimlaza bwana huyo chini ya maua aliyoyauza mwenyewe.

"Wewe ni nani hasa?" aliguna.

"Mtu anayesoma sheria mpaka mwisho."

Dwight alikaa chini mwenyewe, mikono kichwani. Hakuna aliyemwomba.

Ndani ya gari la maiti, chini ya reli za jeneza, kulikuwa na masanduku ya mofini ya misiba mingine. Ushahidi wa kutosha kumzeesha Royce gerezani.

Verna aliwaachia polisi wa kaunti pingu na kelele. Garini, redio ya Motorola ilikuwa inafoka.

"Mzigo wa Mullins uko wapi, Stiltner?"

"Umekorogwa."

"Huo mfuko ni ushahidi wetu. Nani anao?"

Kupitia kioo aliona Tonya anashuka ngazi za nyuma, peke yake, mfuko unamchuruzikia viatuni, anaelekea kwenye pipa la kuchomea taka. Hakugeuka kutazama barabara ya bondeni.

"Mtu ninayemwamini."

"Mfuate uhakikishe."

Verna alizima redio. Akatia gia, akapanda mlima.