Toleo la Saba la Kikosi cha Walioachwa

Kila Jumamosi, akishafua sare na kupiga deki, Rangi alikuwa na kazi moja tu duniani: kuwapaka rangi mashujaa. Alivuta kigoda hadi kwenye meza ya kukatia vitambaa ya mama yake, akasukuma mkasi na chaki pembeni, akafungua kifuko chake cha penseli kumi na mbili. Hapo hata umwite mara ngapi, hakusikii.

Shule nzima walimwita Rangi kwa sababu ya kazi hiyo. Mwenzake aliyeshirikiana naye aliitwa kwa kazi yake vilevile: Wino. Huyo ndiye aliyetunga hadithi na kuchora, na vidole vyake havikukosa madoa ya wino hata siku ya mtihani. Wawili hao walikuwa chanda na pete tangu darasa la pili. Ijumaa Wino alimaliza kuchora, Jumamosi Rangi alipaka, Jumatatu katuni ilianza safari yake darasani, dawati kwa dawati. Nakala ilikuwa moja tu, na ole wake aliyekunja ukurasa.

Katuni yenyewe iliitwa Kikosi cha Walioachwa. Mashujaa wake walikuwa wale watu ambao timu zikipangwa wao hubaki wamesimama peke yao. Kulikuwa na Chafya, ambaye akipiga chafya majambazi hupeperushwa hadi mtaa wa pili. Kulikuwa na Bibi Sahau, aliyesahau kila kitu, hata kuogopa. Kulikuwa na Kiatu Kimoja, ambaye hakuna aliyejua kiatu cha pili kilikwenda wapi, hata mwenyewe. Adui yao alikuwa Profesa Sawasawa, aliyetaka watu wote duniani wawe na kimo kimoja, sauti moja, na wacheke kwa zamu. Kikosi kilipomvamia kilipiga kelele, "Haachwi mtu!" Wanafunzi wa darasa la sita wakaichukua kauli hiyo wakawa wanaipiga hata kwenye foleni ya maji.

Sasa, kulikuwa na siri. Rangi hakuweza kutofautisha rangi ya kijani na ya kahawia, na nyekundu nayo ilimchanganya. Mama yake, fundi cherehani, aligundua alipomtuma uzi wa kijani mara tatu akaletewa wa kahawia mara tatu. Mara ya tatu alimfokea akidhani ni ukaidi. Baadaye alimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari akasema kijana amezaliwa hivyo, si ugonjwa wala hakuna dawa, aishi hivyo tu. Mama alirudi nyumbani, akachukua uzi mweusi na kuufunga kwenye penseli tatu: fundo moja kwa nyekundu, mawili kwa kijani, matatu kwa kahawia. Tangu siku hiyo Rangi alizichagua penseli hizo kwa kuzipapasa kwa kidole gumba, na hakukosea hata mara moja.

Nje ya nyumba yao, mtu mmoja tu alijua siri hiyo. Wino.

Toleo la saba lilikuwa na uzito wa pekee. Mwalimu wa sanaa alikuwa ametangaza kwamba katuni hiyo itatundikwa kwenye ukuta wa maktaba ya mji, ukurasa kwa ukurasa, siku ya maonyesho ya shule zote. Rangi alikosa usingizi kwa furaha. Ijumaa ile, wakati wa mapumziko, Wino alimwambia, "Lete penseli nikuchongee. Wewe leo nenda kacheze." Rangi alimpa kifuko bila kufikiri mara mbili. Nani angefikiri?

Jumamosi Rangi alipaka kurasa zote nane peke yake. Mama, ambaye kwa kawaida hupitisha jicho kabla kazi haijafungwa, alikuwa kwa mteja akipima mapazia, na aliporudi kurasa zilikuwa zimeshaingia kwenye jalada na kufungwa kamba.

Jumatatu asubuhi darasa zima lilizunguka meza ya mbele. Wino alifungua jalada. Kicheko kikalipuka.

"Jamani! Kikosi kimegeuka kabeji!"

"Bibi Sahau amesahau hadi rangi ya ngozi yake!"

"Na miti je? Miti imekaushwa na nani?"

Rangi alisogea akatazama. Yeye aliona mashujaa wake wakiwa kama kawaida yao. Alitazama tena, akatazama nyuso za wenzake. Alimgeukia Wino, maana Wino ndiye angesema neno la kumwokoa.

Wino hakumtazama. Alitazama meza, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mimi nilijua tu. Huyu haoni rangi. Kijani haioni, kahawia haioni. Mama yake humfungia nyuzi kwenye penseli."

Hapo ndipo kicheko kilipogeuka kuwa kitu kingine. Mmoja alimwonyesha sweta na kumuuliza ni rangi gani. Mwingine alimwonyesha ulimi. Na Bosi, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya shule, akatoa mkobani sanduku la penseli sabini na mbili, jipya, likinukia mbao, akaliweka mezani taratibu.

"Msijali," alisema Bosi. "Nitapaka mimi."

Sanduku hilo lilikuwa tayari mkobani tangu Bosi atoke kwao, ila siku hiyo Rangi hakuligundua jambo hilo. Alikuwa anajikaza asilie mbele za watu. Alipofika nyumbani alilia akiwa bado na viatu miguuni.

"Nimekosea, mama. Nilipapasa, nikahesabu, na bado nimekosea. Sina maana mimi."

Mama alisimamisha cherehani. "Hebu zilete hizo penseli."

Alizipanga mezani penye mwanga wa dirisha. Penseli ya kijani ilikuwa na mafundo matatu, ya kahawia ilikuwa na mawili. Akaisogeza moja karibu na macho, akauvuta uzi wake kwa ukucha, na fundo likafunguka lote mara moja.

"Hili si fundo langu," alisema. "Miaka ishirini nafunga mafundo, na langu halifunguki bila mkasi. Hili ni la kamba za viatu. Mtu amezivua nyuzi zangu akazihamisha. Ulimpa nani penseli?"

Rangi alizitazama zile penseli. Kuchekwa na darasa zima kulimuuma, lakini darasa zima hawakuwa rafiki yake. Huyu alikula kwao, alilala kwao mvua iliponyesha, alimwita mama yake mama. Alisimama, akakaa tena.

"Wino," alisema. Kisha akasema tena, kama anajifunza neno geni, "Ni Wino, mama."

Mama alikuwa mtu wa hasira za karibu, na Rangi aliona anavyoitafuna midomo. "Kesho nakwenda shuleni. Huyo mtoto atanieleza."

"Usije, mama. Wataniita mtoto wa mama. Nitakwenda mwenyewe."

"Haya. Lakini useme, unanisikia? Usije ukanirudia hapa na kilio kilekile cha leo."

Jumanne Rangi aliwahi kabla ya kengele. Aliwakuta Wino na Bosi wameinamia ukurasa mpya, sanduku la penseli limefunguliwa katikati yao kama sinia. Aliweka penseli zake mbili mezani.

"Nani alihamisha nyuzi?"

"Nyuzi gani?" alisema Bosi. "Wewe si huoni? Labda hata nyuzi huzioni."

"Sikuulizi wewe." Rangi alimgeukia mwenzake. "Wino, namuuliza Wino. Nilikupa kifuko Ijumaa. Ulisema unanichongea."

"Nilichonga," alisema Wino.

"Ulichonga, halafu?"

Wino alijifanya kufuta doa kwenye kidole. Doa lilikuwa la wiki nzima, halifutiki. Masikio yalianza kumwiva.

"Kama hukunitaka, kwa nini hukuniambia?" aliuliza Rangi. "Ningelia siku mbili, basi. Lakini ukaniacha nikae siku nzima, nipake kurasa nane, huku unajua. Jumamosi yote ulikuwa unajua!"

Wino akaangua kilio. Hakulia kidogo, alilia kamasi zikamtoka. "Niliogopa," alisema. "Maktaba ya mji, watu wazima watakuja kutazama... Bosi akasema tukitumia rangi sabini na mbili itapendeza kama vitabu vya dukani. Sikujua nitakwambiaje utoke. Nikaona ukikosea mwenyewe, utatoka mwenyewe."

"Mimi nilisema tu," alidakia Bosi. "Nyuzi hakuzigusa mtu mwingine, ni yeye."

"Ulisema tu, na sanduku likaja shuleni Jumatatu asubuhi kabla jalada halijafunguliwa," ilisema sauti nyuma yao.

Mwalimu wa sanaa alikuwa amesimama mlangoni na madaftari kifuani. Habari za jana zilikuwa zimeshamfikia, na uso wake ulionyesha kwamba leo amesikia mengi kuliko walivyotamani. Hakufoka. Aliwaambia wanafunzi waliokuwa wanaingia wakae, akamsimamisha Wino mahali palepale alipokuwa amesimama jana.

"Jana uliwaambia hawa siri ya mwenzako. Leo waambie ya kwako."

Wino aliwaambia. Ilimchukua muda, kwa sababu kila sentensi ilimkwama, lakini alisema yote: kifuko, nyuzi, Ijumaa. Hakuna aliyecheka. Yule aliyeonyesha ulimi jana aliinamia daftari lake kwa bidii ya ghafla. Kisha mwalimu akamsimamisha Bosi naye, na Bosi akaomba radhi shingo upande, akaambiwa alirudishe sanduku nyumbani mpaka atakapojua kuwaazima wengine bila kumtoa mtu.

"Toleo hili litatundikwa kama wenyewe wawili watalimaliza," alisema mwalimu. "Rangi, uamuzi ni wako. Ukikataa, sitakulaumu. Ukuta utabaki mtupu, na Wino atasimama pale siku ya maonyesho, Ijumaa, awaeleze wageni sababu."

Darasa zima lilimgeukia Rangi. Alitamani kukataa. Aliliona jambo hilo waziwazi, ukuta mweupe, Wino akibabaika mbele ya watu wazima, na moyo wake ukaburudika kidogo. Halafu akamkumbuka Chafya, na Bibi Sahau, na kazi ya matoleo sita. Wale hawakumkosea.

"Nitapaka," alisema. "Lakini kwetu. Na mama atakuwepo."

Siku hiyohiyo Rangi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikata vipande vya karatasi nyeupe, mama akamtajia rangi, naye akaandika jina la kila rangi kwa herufi kubwa na kuligandisha kwenye penseli yake, mtu yeyote aone. Nyuzi alizikata zote akazitupa.

"Kwa nini hatukufanya hivi tangu mwanzo?" aliuliza mama.

"Sikutaka wajue."

"Na sasa?"

"Si wanajua," alisema Rangi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka, ingawa kidogo.

Alhamisi alasiri Wino alikuja na kurasa nane alizozichora upya. Alisimama kizingitini, hakuthubutu kuingia kama zamani, akamwamkia mama mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Mama alimwitikia mara mbili, akamwonyesha kigoda. Rangi alipaka. Wino alikaa, mikono katikati ya magoti, hana la kufanya. Penseli moja ilipobanduka karatasi yake, Rangi aliishika, akaigeuza, akamtazama Wino aliyekuwa umbali wa kunyoosha mkono. Kisha akaipeleka hadi kwenye cherehani.

"Mama, hii ni rangi gani?"

"Kahawia, mwanangu."

Wino aliinamisha kichwa. "Ningekuambia ukweli," alisema polepole.

"Najua ungesema," alijibu Rangi. "Lakini siwezi kukuuliza."

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio, akawageukia wote wawili.

"Sikilizeni, kwa sababu sitarudia. Wewe Wino, ulikuwa na neno gumu la kumwambia mwenzako, ukaona afadhali umtegee mtego kuliko kumtazama machoni. Ungesema, mngegombana, mngenuna, na mngeyamaliza. Ukweli ungemuuma siku mbili. Ulichofanya kitamuuma hata ukiwa umeshaomba radhi mara mia, kwa hiyo usimharakishe. Njoo kila siku, sema kweli kila siku, hata katika mambo madogo, mpaka mwenyewe aone anaweza tena kukuuliza. Na wewe, mwanangu, uliona aibu kwa jambo ambalo si kosa lako. Ukalificha, na mtu akapata pa kukuumiza. Usione haya tena kwa jinsi ulivyozaliwa." Akavuta kitambaa chake. "Haya, kazi. Kesho watu wanakuja kutazama."

Saa kumi na moja kurasa zote zilikuwa tayari, kasoro puto moja la maneno, la kauli ya Kikosi, lililobaki wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Hilo lilikuwa la Wino kuliandika. Rangi alikusanya penseli zake moja moja, akazihesabu zikatimia kumi na mbili, akazitia kifukoni na kukikalia kifuko. Ndipo akamsogezea Wino ukurasa.