Usihifadhi Palepale

Kompyuta ilikuwa imezimwa, tena waya wake umechomolewa ukutani, lakini mtoto alicheka ndani yake. Kinyozi aliusikia ule ucheko akiwa amesimama na kikombe cha chai. Akajiambia ni mtoto wa jirani. Jirani gani? Jirani mwenyewe alikuwa mstaafu na paka wake.

Alikuwa na sababu ya kujidanganya, maskini. Asubuhi ile, akiitafutia kompyuta nafasi kwa kuwa ilijaa mpaka inajikokota, alifuta mafaili bila kuangalia vizuri, akamwaga na kapu la taka. Humo ndimo zilimokuwa video zote za Chiriku, mwanawe wa mwisho, aliyefariki kwa homa kabla hajaanza shule. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Nakala nyingine haikuwepo popote. Na mkewe, mshonaji, kila jioni akishafunika cherehani yake aliketi kuzitazama. Bila hivyo usingizi hauji.

Basi akaibeba mbio hadi kwa fundi wa kompyuta, jamaa mwembamba waliyemwita Waya.

"Hujafuta bado," Waya alisema. "Kompyuta imesahau tu vilipo. Niachie hadi wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Mama mtu atazitaka jioni hii!"

Waya akashusha pumzi, akampa flashi yenye programu ya kurudishia mafaili. "Haya, fanya mwenyewe. Lakini nakuomba, kaka, unapovirudisha, hifadhi kwenye diski nyingine. Usihifadhi palepale. Ukihifadhi palepale, kimoja kinarudi, kingine kinakanyagwa."

"Kingine kipi?"

"Chochote. Haichagui."

Diski nyingine hakuwa nayo. Alikuwa bado anahangaika aliposikia lango likilia, mkewe anarudi kutoka kupeleka nguo za mteja. Programu inamuuliza, nihifadhi wapi? Kwani itakuwaje, leo tu? Akabonyeza palepale.

Video zikarudi, kila moja. Mshonaji akaketi, akatazama, akacheka na kufuta machozi kwa upindo wa kanga. "Leo yuko wazi kuliko siku zote," alisema. "Kama tuko naye humu ndani." Chumba kilinuka udongo uliotoka kumwagiwa maji, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Kinyozi akaisogelea skrini. Kulikuwa na ile video ya Chiriku akibebwa mgongoni na dada yake. Chiriku alikuwepo, anacheka vilevile, anarusha miguu. Mgongo haukuwepo. Mtoto alining'inia hewani, mikono yake imekumbatia shingo isiyoonekana.

"Dada yuko wapi hapa?" kinyozi alinong'ona.

"Dada nani?"

Dada alikuwa kifungua mimba wao. Nyumba nzima ilimwita hivyo kwa vile Chiriku ndivyo alivyomwita.

"Aa, huyo!" mkewe akasema, baada ya kufikiri. "Si yuko jikoni?"

Kesho yake mchana Dada alirudi kutoka shule. "Baba," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba mno, "mwalimu ameniruka kuita majina. Nilinyoosha mkono, hakuniona." Halafu akaonyesha kwenye cherehani. Sare yake ya pili ilikuwa imekatwa, inashonwa shati dogo.

"Kumbe ni ya mtu?" mshonaji alisema. "Nikajua kitambaa cha mteja aliyesahau."

Jioni ile, kwenye video, Chiriku alikuwa amelivaa lile shati.

Kinyozi alimwita Waya. Waya akatazama. "Mimi narudisha vilivyofutwa," alisema chinichini. "Hii haijawahi kufutwa, kaka. Hii imepigwa leo." Ndipo Chiriku aliponyamaza katikati ya wimbo, akageuza kichwa taratibu, akamkazia macho. Waya hakuaga.

Akaletwa bibi mganga, mtoa majini wa miaka mingi. Aligoma kuvuka kizingiti. Alinusa tu.

"Huyu si mwanenu. Ni jini, amepata mahali patupu na jina la kuitikia. Namtoa, lakini mama mtu lazima afute kwa mkono wake, kwa ridhaa yake."

Mshonaji aliikumbatia kompyuta. "Nimfute mwanangu wa pekee?"

"Wa pekee?" Kinyozi alipiga kelele. "Na Dada je?"

"Dada wa nani?"

Bibi mganga alimtazama kinyozi kwa huruma. "Basi hapo mimi sina nguvu," alisema, akaokota mkoba wake, akaondoka.

Kinyozi akaona liwalo na liwe, akamsukuma mkewe pembeni, akaivuta ile kompyuta na kuweka kidole juu ya kitufe, na ile harufu ya udongo ikampanda puani mpaka akahisi anaimeza, na ucheko ukawa unatoka kwenye skrini na kwenye cherehani na chini ya kitanda na ndani ya kikombe chake cha chai, na kila alipotaka kubonyeza kidole kilikuwa kizito kama si chake, na katikati ya ucheko huo akaisikia sauti aliyoilea, sauti aliyoizika, ikimwambia polepole karibu kabisa na sikio:

"Baba, usinifute tena."

Kidole kikalegea. Alilia. Alijaribu kulitaja jina la binti yake kwa sauti, amshikilie kwa jina, akakuta ulimi unatafuta na haupati. Akajisemea atazame kidogo tu, apumzike, kisha afute. Mkewe akamsogelea, akamlazia kichwa begani. Chiriku akaanza kuimba.

Mlango ukagongwa. Kinyozi alienda kufungua, bado anatabasamu. Nje alisimama msichana mwenye begi la shule, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mtoto mzuri," kinyozi alisema. "Umetumwa na nani?"