Redio ya Mtaa na Kibali Chake

Salwa alikuwa ameinama kwenye karai la nguo. Mtoto wake Ishak, wa miezi tisa, alikuwa amekaa mkekani akigonga kifuniko cha sufuria. Nyumba yao iko Ukunda, nyuma ya uwanja mdogo wa ndege. Ndege ikishuka, mazungumzo hukatika. Watu hungoja ipite, kisha huendelea pale pale walipoachia.

Bi Mwanafatuma, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alipita na kapu lake la sokoni.

"Shikamoo, Bi Mwanafatuma."

"Marahaba, mwanangu. Ishak umempeleka kuchanjwa surua?"

"Kuchanjwa wapi?"

"Wauguzi walikuwa shuleni jana kutwa nzima. Hukusikia?"

Salwa alisimama, povu likimtiririka mikononi. "Wamekuja na wamekwenda zao?"

"Tangazo lilikuwa mlangoni kwa chifu wiki nzima."

"Kusoma sasa najua, bibi. Nimesoma madarasa ya jioni miaka miwili. Lakini tangazo liko mlangoni kwa chifu, na mimi niko hapa na karai."

Kesho yake alimbeba Ishak hadi zahanati, akachanjwa. Lakini si kila mama aliyepata wasaa. Mwezi ule surua iliingia mtaani. Mtoto wa nyumba ya tatu alilazwa siku tisa. Alipona, alhamdulillahi, ila jicho lake moja lilibaki na ukungu. Kila Salwa alipomwona, moyo ulimuuma. Mama yake hakuwa mzembe. Hakuambiwa tu.

Jioni moja alimfuata Mbwana, fundi wa televisheni.

"Fundi, redio ziko tele. Zatueleza ya Nairobi na ya ng'ambo. Ni ipi itakayotuambia wauguzi wako shule gani kesho?"

Mbwana aliweka bisibisi chini. "Basi tuwe na yetu. Redio ndogo, isikike Ukunda na Diani tu. Mtambo nitauunda mimi."

Akauunda kweli, ndani ya kopo la biskuti. Waya wa antena ulipelekwa juu na Baya, mgema wa tembo, alipokuwa akipanda kugema, akaufunga kileleni mwa mnazi mrefu kuliko yote. Ruhusa waliomba moja tu, ya mwenye mnazi, naye alikuwa Bi Mwanafatuma. Hapo wakaona wamemaliza. Mnazi una mwenyewe na amekubali. Umeme ni wao. Hawamtukani mtu. Kuna nini tena?

Siku nne Salwa alisoma matangazo. Alisema maji yatafunguliwa lini. Alisema mbuzi wa nani amepotea. Zaidi ya yote alisema wauguzi wa chanjo watarudi Ijumaa. Wanawake walifungua redio za simu zao huku wakikuna nazi. Sokoni aliitwa "mtangazaji," akajifanya hakusikia, lakini alitembea kwa madaha kidogo.

Siku ya tano, Jumatano alasiri, Kavumbi aliwafuata Salwa na Mbwana kwenye mtambo, nyumbani kwa Mbwana. Ni jirani yao, mtu mzima, na kazi yake ni kutengeneza vyombo vya mawasiliano pale uwanja wa ndege.

"Salwa, leo umepanda ndege."

"Mimi, mzee? Hata ngalawa sijapanda."

"Sauti yako imepanda. Rubani alikuwa akishuka na abiria kumi na wawili. Alingoja kuambiwa hali ya upepo. Akasikia watoto wapelekwe chanjo."

Mbwana alicheka. "Huyo naye alete wake."

Kavumbi hakucheka. Alivuta kigoda akaketi.

"Mtambo wangu mdogo, mzee," Mbwana akasema. "Haufiki hata Msambweni. Utaifikiaje ndege?"

"Ndege haiko Msambweni, fundi. Ikitua hupita juu ya paa lako. Sikiliza. Kila redio hupewa njia yake hewani. Njia hiyo huitwa masafa. Masafa ya marubani yamepakana na ya redio hizi zetu. Mtambo mzuri una chujio ndani, hauvuki mpaka. Huu wako hauna. Wasema hapa, lakini wamwagika hadi kwa jirani."

Mbwana alilijua kopo lake.

"Na wako wengine ambao hamwajui," Kavumbi akaendelea. "Gari la wagonjwa lina redio. Polisi wana redio. Ndiyo maana sheria yasema mtu asirushe matangazo bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Wakija, watachukua mtambo, na huenda wakamchukua na mwenye mtambo."

Salwa alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na robo. Saa kumi na nusu ndiyo ilikuwa zamu yake ya pili ya kutangaza siku hiyo.

"Chanjo ni keshokutwa, mzee. Niache niseme mara moja tu. Dakika moja, kisha tuzime."

"Ndege ya jioni iko njiani. Dakika moja ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji rubani kutua."

Salwa aliliwaza lile jicho lenye ukungu. Kisha akawawaza watu wa ndegeni, ambao pia ni watoto wa watu. Akanyoosha mkono, akauzima mtambo.

"Umeiua redio," Mbwana akasema kwa uchungu.

"Nimeizima. Ingekufa kama tungeangusha ndege." Alimfunga Ishak mgongoni. "Bi Mwanafatuma yuko nyumbani? Twende tukatembee."

Siku mbili akina mama walipita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo kwa midomo yao. Miguu ilivimba. Lakini kila mlango waliopiga hodi, watu waliuliza redio imekwenda wapi. Mama muuza samaki alitaka kujua siku za maji. Mzee mmoja asiyeona alitaka habari za misiba. "Mazishi hayangoji," alisema. "Mimi huambiwa watu washarudi." Wazee wengine walitaka kipindi cha Kidigo. Salwa aliandika yote katika daftari lake la darasa la jioni. Watoto wengi walichanjwa Ijumaa ile. Hata hivyo zilibaki nyumba ambazo hawakuwahi kuzifikia, naye alizijua.

Jumapili alimpelekea Kavumbi daftari.

"Hili ndilo lenye thamani kuliko kopo," Kavumbi akasema. "Redio ya jamii haiwi ya mtu mmoja, wala haitafuti faida ya mtu. Lazima watu wenyewe waitake na waisimamie. Sajilini kikundi chenu. Chagueni kamati, na wake kwa waume na vijana wawemo. Andikeni vipindi vyenu na eneo mnalotaka kufikia. Elezeni mtambo ni wa aina gani na mlingoti wa antena utasimama wapi. Kisha mwombe kibali na masafa. Wala msirushe hata neno kabla ya jibu."

"Na mimi?" Mbwana akauliza. "Ukinunuliwa mtambo uliopasishwa na Mamlaka, fundi wa nini?"

"Wa kuulinda kila siku. Mvua ya hapa na chumvi ya hapa waijua wewe, si aliyeuuza."

Maombi yao ya kwanza yalirudi. Mlingoti ulikuwa karibu mno na uwanja wa ndege. Baadhi ya wanakamati walitaka kukata tamaa. Bi Mwanafatuma aliwauliza, "Kwani miguu imeacha kuvimba?" Mkutano wa mtaa ukachagua kiwanja kingine cha mlingoti, mbali na njia ya ndege, na wakuu wa usafiri wa ndege wakapelekewa urefu wa mlingoti wauangalie. Wakaandika upya.

Walingoja miezi mingi. Hawakukaa bure. Salwa alijifunza kuuliza mara mbili kabla ya kusoma habari mara moja. Habari ya msiba haisomwi mpaka mmoja wa jamaa athibitishe. Mwanasiasa akitaka kusifiwa, aambiwe kuwa redio ni ya wote. Mtoto mgonjwa hatajwi jina.

Hatimaye barua ilifika. Walipewa masafa yao, na nguvu za mtambo zilizoruhusiwa. Walinunua mtambo uliopasishwa, wakaujaribu siku tatu, Kavumbi akisikiliza upande wa marubani. Palikuwa kimya.

Alhamisi Salwa aliketi mbele ya kipaza sauti. "Kesho, saa mbili asubuhi, shule ya msingi, chanjo ya surua na ya pepopunda. Mama, njoo na kadi ya mtoto. Usipokuwa na kadi, njoo vivyo hivyo." Akarudia kwa Kidigo, polepole.

Ijumaa saa tano simu ya redio ililia. Alikuwa Sidi, muuguzi.

"Salwa, kuna kitu nataka utangaze."

"Ndiyo, sista."

"Chanjo tuliyokuja nayo imekwisha na foleni bado iko nje ya geti. Waambie wasiondoke. Gari limefuata nyingine Kwale."

Salwa alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo wake. Akavuta pumzi, akawaambia.